Tisa, si kumi: shajara ya kontena letu la Hamburg

5 Agosti 2024

Nafungua daftari hili kwa aibu kidogo. Mwaka jana kiwanda chetu kidogo cha Dar kilipeleka Hamburg, Ujerumani, maboksi 40 ya pilipili na achari, yakiwa yameunganishwa na mizigo ya watu wengine ndani ya kontena moja. Yalipofika, maboksi 11 yalikuwa na ukungu wa kijani na lebo zimevimba na kubanduka. Dada yetu mwenye duka kule alituma picha bila neno hata moja. Chakula ndani ya chupa kilikuwa kizima kabisa, lakini nani atanunua chupa ya achari iliyoota manyoya?

Wote kiwandani tulisema ni bahari. Ukiwauliza hata leo watakuambia ni bahari, chumvi imepenya.

Sasa dada anataka kontena zima la futi 20, lake peke yake. Sharti lake ni moja: "Andikeni kila hatua. Wakaguzi wa chakula wakinijia hapa nataka jibu, pole nimeshapewa za kutosha." Basi naandika.

14 Agosti

Orodha ya bidhaa imepungua kutoka saba hadi nne.

Dagaa walitoka asubuhi. Chochote chenye asili ya mnyama kikienda Umoja wa Ulaya lazima kitoke kwenye kiwanda kilichoidhinishwa kwa ajili hiyo, kiambatane na cheti cha afya, na nchi yenyewe iwe kwenye orodha yao kwa bidhaa hiyo. Sisi ni watu 14 na mtambo mmoja wa kujazia. Samli ikatoka kwa mlango uleule. Karanga za kukaanga nazo zimetoka, maana kwenye sumukuvu Ulaya ni wakali mno kwa karanga na sina uhakika na wauzaji wetu wote.

Ugomvi ulizuka kwenye ubuyu mwekundu. Unga wa ubuyu mkavu uliruhusiwa kuingia Ulaya mwaka 2008, huo hauna shida. Shida ni ubuyu wa peremende, ule wa Zanzibar, uliopakwa sukari na rangi. Nilipomuuliza mpishi wetu mkuu ni rangi gani anatumia, akanionyesha kopo. Ni mojawapo ya rangi sita ambazo kule hulazimu lebo iseme kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto.

"Watoto wa Zanzibar wanaula tangu enzi na hesabu wanazijua," akasema.

Sikuwa na jibu la kumpa, ila ubuyu mwekundu haupandi meli kwa sasa. Zimebaki pilipili ya chupa, achari ya embe, unga wa ubuyu na viungo vya pilau.

2 Septemba

Wiki mbili zimeishia kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Lebo yetu ya nyumbani ilikuwa na picha ya embe, namba ya simu na maneno "Tamu Sana". Ya Ujerumani iwe kwa Kijerumani, na hata herufi zina kipimo: herufi ndogo ya x isipungue urefu wa milimita 1.2, na uzito halisi, kwa chupa yetu ya gramu 350, uandikwe kwa tarakimu zisizopungua milimita 4. Jedwali la lishe lihesabiwe kwa gramu 100. Na kwa kuwa jina la bidhaa linataja embe, lazima tuseme embe ni asilimia ngapi. Tukapima. Siku ya kwanza mpishi aliweka 58, ya pili 66, kulingana na alivyoamka. Tumekubaliana 60 na mizani sasa inakaa mezani pake. Hajanisemesha tangu jana.

Kitu ambacho kingetuponza ni haradali. Hapa kwetu ni kiungo tu cha achari, hakuna anayekifikiria mara mbili. Kule imo kwenye orodha ya vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, pamoja na ufuta, karanga, samaki na vinginevyo, na lazima ionekane tofauti na viambato vingine. Tumeandika Senf kwa herufi nene.

Jina na anwani vinavyotangulia ni vya dada, si vyetu. Sisi tuko nje ya Umoja, kwa hiyo mbele ya sheria mwenye chakula hiki ni yule aliyekiingiza. Ndiyo maana anauliza maswali mpaka usiku. Isitoshe, lazima ajisajili kwenye daftari la vifungashio la Ujerumani liitwalo LUCID na kuchangia gharama za kukusanya kioo na maboksi atakayoyaingiza sokoni. Kule hata chupa tupu ina mwenyewe.

Msimbo pau unaoanza na 620 tunao tayari. Angalau hapo Tanzania imeandikwa bila mtu kuuliza.

9 Septemba

Mifuniko. Sikuwahi kudhani mfuniko una ndani na nje.

Upande wa ndani kuna mkanda laini mweupe ambao ndio unaoziba. Mara nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali, na mafuta ya achari huyavuta yale malainisho taratibu, hasa chupa ikikaa kwenye joto. Ulaya ina viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kuingia kwenye chakula. Pilipili yetu ni ya siki, haina neno sana. Achari inaogelea kwenye mafuta. Dada ametaka mifuniko isiyo na PVC kwa achari, na tumeipata, ghali kuliko ya kawaida, na muuzaji hauzi chini ya katoni nzima-nzima.

Ilipofika tulijaza chupa 24, tukazilaza kichwa chini kwenye chumba cha kukaushia, nyuzi 50, siku tatu. Mbili zilivuja. Zote mbili zilikuwa zimejazwa hadi shingoni. Mafuta yakipata joto hutanuka na yanahitaji pa kwenda. Kijana wa mtambo ameambiwa aache nafasi, naye kaniambia wateja wa Kariakoo watasema tunawaibia.

23 Septemba

Majibu ya maabara.

Kipimo cha uchachu, pH: pilipili 3.6, achari 3.8. Mpaka ni 4.6: chini ya hapo kijidudu cha botulizimu hakiwezi kuota na kutoa sumu ndani ya chupa iliyofungwa. Namba hiyo moja ndiyo inayoturuhusu kuandika miezi 18 bila friji.

Pilipili kavu ya kwenye viungo, hapana. Kikomo cha Ulaya ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1, aina moja ya sumukuvu, na 10 kwa aflatoksini zote pamoja. Sisi tumepata 7 kwenye B1. Nilikwenda mwenyewe kwa mkulima. Anaanika chini, kwenye turubai, na jioni anakunja turubai na pilipili ndani yake, ikiwa bado na joto. Magunia sita nimemrudishia. Hakugombana, alichukua kipande cha pilipili akakivunja, akakisikiliza. "Hii si ilikuwa kavu?" Ilikuwa kavu kwa nje.

Mzigo wa mkulima mwingine, anayeanika kwenye chanja, umesoma chini ya 1.

4 Oktoba

Masharti ya mauzo. Dada alikuwa ameandika FOB kwa mazoea, kama wanavyoandika wengi. Tumebadili kuwa FCA. Kwa FOB hatari ya mzigo inabaki kwetu hadi upande melini, wakati kontena tunalikabidhi getini siku kadhaa kabla ya hapo na hatuligusi tena. Kwa FCA hatari inahama tunapokabidhi. Dada alifikiri siku mbili akakubali, kwa sharti kwamba picha zote za upakiaji zimfikie kabla mlango haujafungwa.

Bima anakata yeye, ya daraja A, pana kuliko zote. Tuliisoma pamoja kwa simu, kifungu kwa kifungu, na sehemu iliyonifundisha ni ile ya yasiyolipwa. Hasara itokanayo na kuchelewa hailipwi, hata kama kilichochelewesha kina bima. Ufungashaji usiotosha haulipwi. Uharibifu utokanao na asili ya mzigo wenyewe haulipwi. Kwa maneno mengine, hata tungekuwa na bima mwaka jana, yale maboksi 11 wangeyatazama tu kama dada alivyoyatazama.

Ushuru: Tanzania bado imo kwenye mpango wa Ulaya wa nchi zenye maendeleo duni, kila kitu isipokuwa silaha, kwa hiyo bidhaa zetu zinaingia bila ushuru mradi uthibitisho wa asili uwepo. Shehena ya zaidi ya yuro 6,000 inadai anayeiuza nje awe amesajiliwa kwenye mfumo wao wa REX, na yetu imezidi. Kwenye viungo vya pilau tumeangalia asili kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mdalasini na karafuu ni vya Zanzibar, lakini jira yetu imetoka India kama jira ya watu wengi. Jina la pakiti limebadilika kutoka "Viungo vya Zanzibar" kuwa "Viungo vya Pilau". Kodi ya mauzo ya Ujerumani kwenye chakula, asilimia 7, dada anaijua kuliko mimi.

17 Oktoba

Embe changa zimeanza kuingia kutoka Mkuranga. Tunapika usiku na mchana. Dada amesisitiza bidhaa zifike zikiwa na angalau theluthi mbili za muda wake, kwa hiyo hakuna chupa ya mwaka jana itakayopanda.

29 Oktoba

Leo nimekaa na kalamu kuitafuta ile bahari iliyotuozeshea maboksi.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 hivi. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Zidisha: hazifiki gramu 800, na hapo hatujaondoa nafasi inayochukuliwa na mzigo. Yaani tukifunga mlango, hewa yote mle ndani ina maji yasiyojaa chupa moja ya lita.

Nikarudia hesabu mara mbili. Maji ya lita moja hayawezi kulowesha maboksi 11, hata yote yangeganda darini na kudondoka mahali pamoja.

Kisha nikaenda nyuma ya kiwanda zilikorundikwa paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia maboksi. Paleti moja kavu, yenye unyevu wa asilimia 15, ina kilo 25 hivi. Mbao hizohizo zikinyeshewa hadi asilimia 30 zinaongezeka zaidi ya kilo 3 za maji, kila moja. Paleti tisa au kumi, hizo ni lita 30. Hapo sijagusa maboksi yenyewe, ambayo ni karatasi, na karatasi inakunywa.

Jinsi mambo yanavyokwenda, kadiri ninavyoelewa: juani Dar na Omani bati la kontena linapashika, mbao zinatoa maji yake kwa mvuke, hewa inashiba. Meli ikifika kwenye baridi, bati linapoa kwanza. Kwenye nyuzi 5 hewa haiwezi kubeba hata gramu 7 kwa mita ya ujazo. Zinazobaki zinageuka umande darini, na umande ukishakuwa mzito unanyesha. Ni mvua, ndani ya sanduku lililofungwa kwa sili, ambalo maji ya bahari hayajaligusa.

Mwaka jana tulipakia Aprili, katikati ya masika. Paleti zilikuwa uani.

Zote zina mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, wenye herufi HT, kwamba mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30. Nilikuwa nikiusoma mhuri huo kama cheti cha ubora wa paleti nzima. Unasema wadudu wamekufa, basi. Kuhusu mvua ya juzi hausemi kitu.

Nimenunua kipimo cha unyevu wa mbao, kile cha sindano mbili. Paleti za uani: 27, 31, 24, 33. Nimeagiza nyingine tisa na kuzihifadhi ndani, juu ya matofali, feni ikipuliza usiku.

Kwa nini tisa? Wakala wetu wa mizigo alisema zinaingia kumi za mita 1.2 kwa 1. Nimechora sakafu ya kontena, upana mita 2.35 na urefu 5.9. Ukipanga safu moja kwa upande huu na ya pili kwa upande ule, ni tano na nne. Kumi zinaingia tu ukigeuza moja katika kila safu, na hapo zinabaki sentimita kumi tu za urefu. Sisi tutabaki na tisa.

5 Novemba

Mfumo umeikataa taarifa ya mzigo. Wakala alikuwa amejaza "vyakula mchanganyiko". Ulaya wanataka taarifa za shehena kabla haijapakiwa melini, zikiwa na namba za HS, zinazotambulisha aina ya bidhaa forodhani, za tarakimu sita na maelezo ambayo mtu akiyasoma anajua kilichomo. Tumeandika upya mistari minne. TANSAD, tamko la forodha la hapa kwetu, imepita. Cheti cha TCCIA, chemba ya biashara ya Tanzania, kipo.

8 Novemba

Siku ya kupakia, na vuli imeamua kuja leo.

Kontena la kwanza lililoletwa niliingia ndani, nikaomba wanifungie. Ukishazoea giza, tundu lolote linajitokeza lenyewe. Darini palikuwa na nyota tatu. Likarudi. La pili lilifika saa nane mchana, giza lake kamili, harufu hakuna, sakafu inasoma 16. Nikalikubali.

Dada alitaka maboksi yapangwe yakipishana kama matofali, kwamba ndivyo yanavyoshikana. Nilimwomba radhi. Nguvu ya boksi iko kwenye kona zake nne. Ukipanga kona juu ya kona, safu ya chini inabeba, na ukipishanisha, kona ya juu inakaa katikati ya boksi la chini, palipo dhaifu. Unyevu ukiingia karatasi inalegea na mnara unainama. Kwa hiyo kona kwa kona, maboksi 16 kila safu, safu nane, hakuna boksi linalotokeza nje ya ukingo wa paleti, kisha vibao vya pembeni, mikanda na nailoni. Karatasi nene juu ya kila paleti, ili kikinyesha kinyeshee hiyo. Mifuko minane ya kalisi kloraidi, chumvi inayonyonya unyevu, ya kilo moja moja, imetundikwa kwenye mifereji ya kuta. Vinasa joto na unyevu vitatu: kimoja darini karibu na mlango, kimoja katikati ya mzigo, kimoja sakafuni mwisho kabisa. Na bahasha ya lebo 300 za akiba, wazo la mpishi, ambaye sasa tunaongea.

Paleti nane ziliingia vizuri. Ya tisa, ya achari, foka, gari la kunyanyulia mizigo, ilikwenda sentimita chache kushoto, uma ukapasua mbao mbili za chini. Saa kumi na moja na robo, lori linasubiri, dereva anatazama saa. Mzee wa foka akaleta paleti nyingine kutoka uani kwa jirani.

"Shikamoo mzee. Hii imelala nje?"

"Marahaba. Mbao ni mbao, mwanangu. Ina mhuri hii, tazama."

Kipimo kikasoma 29.

Ningeweza kusema hapana. Gari lingeondoka, kontena lingekosa meli, na meli inayofuata ni baada ya siku kumi. Nilisema pakieni. Tuliifuta kwa matambara, tukaweka plastiki kati ya mbao na maboksi, na mifuko miwili ya chumvi nikaihamishia mlangoni. Naandika hapa ili nisije nikasema sikujua.

Sili imefungwa saa kumi na mbili kasoro. Namba nimeipiga picha.

9 Novemba

Uzito uliothibitishwa: mzigo kilo 7,374, kontena tupu kilo 2,230, jumla 9,604. Bila tamko hilo meli haipakii, ndiyo kanuni ya dunia nzima tangu Julai 2016.

16 Novemba

Limepanda. Hati ya shehena, ambayo bandarini kila mtu anaiita BL, tumeomba iachiliwe kwa njia ya kielektroniki. Mwaka jana nakala tatu halisi zilikwenda kwa kuria na zilichelewa kuliko mzigo, na kontena lililofika bila karatasi linalala bandarini kwa tozo ya kila siku.

24 Novemba

Salalah, bandari ya Omani. Hapa linashushwa kungoja meli kubwa.

3 Desemba

Salalah.

9 Desemba

Limeondoka. Na hapa lazima nieleze ramani, kwa sababu kiwandani hawaniamini.

Kutoka Salalah, njia fupi ya kwenda Hamburg ni Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez. Tangu Wahouthi waanze kushambulia meli mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi kubwa za meli zimeiacha njia hiyo na zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi hadi kumi na nne zaidi. Sisi tulijua hilo. Ambacho hatukukifikiria ni kwamba kontena letu limetoka Dar, limepanda kaskazini hadi Omani, na sasa linashuka kusini tena, likitupita, kwenda Rasini.

14 Desemba

Leo niliwaonyesha kwenye simu. Alama ya meli ilikuwa mbali na pwani yetu, inashuka.

"Si wangetuachia tulipakie linapopita?" mpishi akauliza.

Nilijaribu kumweleza kuhusu meli kubwa na bandari za kuunganishia mizigo. Nilivyozidi kueleza ndivyo swali lake lilivyozidi kuwa zuri.

2 Januari 2025

Hakuna habari. Dada anauliza, nasema hakuna habari.

16 Januari

Hamburg, siku 61 tangu lilipoondoka Dar. Bandari yenyewe iko ndani, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini kwa kufuata mto Elbe. Deutsche Ost-Afrika-Linie iliundwa mji huohuo mwaka 1890 ili kuunganisha Hamburg na pwani yetu, na Suez wakati huo ilikwisha kufunguliwa zaidi ya miaka 20. Sisi mwaka 2025 tumezunguka Rasi kama Vasco da Gama. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010. Naona urafiki wa mbali nao una njia zake.

Nje kule ni nyuzi 3.

21 Januari

Wamefungua. Dada alinipigia kwa video, mikono yake ina glovu, pumzi inatoa moshi.

Sili ni ileile. Alifungua mlango wa kulia kwanza, polepole, kama nilivyomwomba. Kitu cha kwanza kuonekana ilikuwa dari, na dari ya mlangoni ilikuwa na matone. Akaielekeza kamera chini. Paleti ya tisa: karatasi ya juu imelegea, imeshika maji katikati kama sahani. Maboksi ya safu ya chini upande wa mlango yana madoa, machache yameanza ukungu.

Waliitoa. Ya nane nyuma yake, kavu. Ya saba, kavu. Alipofika mwisho wa kontena aligonga boksi kwa vidole na likalia kama boksi jipya.

Hesabu kamili ilikuja jioni: maboksi 14 yameharibika, yote ya paleti moja. Hakuna chupa iliyovuja wala mfuniko uliotutumka. Lebo 300 zimetumika 168, chupa 12 kwa kila boksi, na binti yake alikuwa anabandika mpaka saa nne usiku.

Mifuko ya chumvi ameipima kwa mizani ya jikoni. Ile ya ndani kabisa imefika kilo 1.3 na 1.4. Ya mlangoni imefika 2.3 na 2.5, imejaa maji ya chumvi mpaka mwisho.

24 Januari

Vinasa joto vimesomwa.

Darini, joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 52. Si Omani, ni hapa Dar, tarehe 11 Novemba, kontena likiwa limekaa juani bandari kavu. Safari nzima ya baharini haikuwahi kuvuka 43. Katikati ya mzigo joto lilikwenda taratibu, halikuzidi 36, na unyevu ulikaa kati ya asilimia 61 na 69 mwanzo hadi mwisho, hata Januari.

Cha mlangoni, upande wa unyevu, ni hadithi nyingine. Kuanzia siku ya tatu kinapanda mchana na kushuka usiku, kila jua likiwaka mbao zinatoa maji. Baada ya ikweta upande wa magharibi kinaanza kupanda bila kushuka. Tarehe 9 Januari kinapita asilimia 90 na hakirudi tena.

Nimechapisha mchoro huo kwenye karatasi kubwa nikaubandika karibu na mlango wa kupakilia. Mzee wa foka aliutazama muda mrefu. Aliniuliza mstari ulio chini ni upi. Nikamwambia ni paleti zetu. Na ulio juu? Nikamwambia ni ile ya kwa jirani. Akavua kofia, akajikuna, akasema, "Kumbe tuliipakia mvua."

11 Februari

Dada ameagiza kontena la pili: achari zaidi, pilipili zaidi, na anauliza kama kuna namna ya kupika ubuyu mwekundu kwa rangi ya rozela. Mpishi ameshaweka sufuria, ingawa anasema haitakuwa ubuyu.

Paleti mpya zimefika leo asubuhi, kumi, tisa na moja ya akiba. Mzee wa foka amezipima mwenyewe kabla sijafika na kuandika kwa chaki ubavuni: 14, 15, 14, 16, 14, 13, 15, 15, 14. Ya kumi ameandika 22, akaigeuza uso ukutani. Muuzaji anakuja kuichukua kesho.